Firigisi ya Mwenyeji

Mimi ni mwalimu wa mapishi. Nafundisha katika chuo kimoja hapa Songea, na ukiniuliza ninachokijua duniani nitakujibu bila haya: najua kupika, najua kuandika meza, na najua kumtazama mtu anavyokula nikakuambia moyo wake ukoje. Hilo la mwisho nililijivunia kuliko yote, na ndilo lililoleta maafa. Mimi sikudhurika. Aliyedhurika ni mdogo wangu.

Wageni wakubwa wakija mkoani, wanaohusika na mapokezi hutuazima sisi walimu, maana hoteli za mjini zina watu wa kubeba sahani lakini hazina mtu wa kuulizwa. Mara nyingi huwa mawaziri, mara nyingine maaskofu. Safari hiyo walikuja wakuu wawili wa nchi, wetu na wa nchi jirani ya ng'ambo ya mto. Kule ng'ambo kulikuwa kumechafuka kwa muda mrefu. Watu wenye silaha walikuwa porini, vijiji vimehamwa, na upande wetu hakuna mtumbwi ulioshuka majini bila mwenyewe kuhojiwa kwanza. Wakaamua wakutanie karibu na mpaka, wazungumze mbali na kelele za miji yao. Nyumba ya wageni ya serikali ikapakwa rangi, mashimo ya barabara yakafukiwa, na mimi nikakabidhiwa jiko.

Afisa itifaki alinipa maagizo mpaka nikachoka kuitikia. Viti viwe vya kimo kimoja. Sahani zifanane. Asihudumiwe mmoja kabla ya mwenzake. Wahudumu wawili watembee sambamba kama wanaopeleka vipaji altareni. Nikamuuliza, "Na firigisi je?" Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Alikuwa kijana wa mjini, hakujua kwamba kwetu kuku akija mezani bila firigisi mwenye nyumba amedharauliwa, na firigisi ikienda kwa asiyestahili patakuwa na kesi. Nikaimaliza kesi mwenyewe jikoni. Kuku wawili, firigisi mbili, kila mkubwa na yake, pembeni ya ugali mahali panapoonekana.

Siku ya kwanza hawakula, walidokoadokoa tu. Kila mmoja alikuwa amezungukwa na watu wake, na kabla ya kujibu jambo alimtazama kwanza msaidizi wake. Mgeni alisukuma firigisi kando ya sahani, ikarudi jikoni imepoa. Nikawaambia wenzangu, "Hawa bado hawajakutana." Wakacheka, wakasema mwalimu ameanza utabiri wake.

Siku iliyofuata walishinda wawili peke yao, wakatembea bustanini mikono nyuma, na ulipofika wakati wa chakula cha mchana wakaagiza watu wao wakale nje. Ndani tulibaki watatu: wao mezani, na mimi mlangoni nikiwa na birika na bakuli la kunawia.

Hapo ndipo nilipoona. Mgeni, ambaye ujanani aliishi huku kwetu na Kiswahili chake kina harufu ya zamani, alinyoosha mkono hadi kwenye sahani ya kiongozi wetu, akaichukua firigisi, akaitia kinywani.

"Ushuru wa mpaka," akasema huku anatafuna.

Nililishika birika kwa mikono miwili. Kiongozi wetu aliitazama sahani, akamtazama mwenzake, kisha akacheka kicheko cha tumboni, akatoa leso na kufuta macho.

"Mlikuja kwetu na njaa, tukawalisha, mkaondoka na vijiko," akamwambia.

"Vijiko vyenyewe vilikuwa vya bati," mgeni akajibu.

Wakaendelea hivyo hivyo. Wakaonyeshana picha za wajukuu kwenye simu, wakalalamika habari za magoti, mmoja akamwambia mwenzake kwamba nywele zake zimekimbilia ng'ambo kuomba hifadhi. Firigisi ya pili nayo waligawana.

Kwa mtu wa kwingine huo ni mzaha tu wa wakubwa walioshiba. Lakini mimi ni Mngoni, na nilichokiona ulikuwa utani, na utani kwetu ni jambo zito. Babu zetu na babu za Wahehe walipigana vita vikali, na leo Mhehe anaweza kuingia jikoni kwangu, akafunua sufuria, akachagua nyama anayoitaka, nami sina ruhusa ya kununa. Atanitukana, nitamtukana. Siku nikifa atakuja msibani afanye vituko mpaka wafiwa wacheke, na hakuna atakayethubutu kumtoa. Mtani hakudhuru. Nimelelewa hivyo tangu nanyonya. Kwa hiyo nilipomwona mgeni anamnyang'anya mwenyeji firigisi, na mwenyeji anacheka, nilisema moyoni: imekwisha. Hawa wameshakuwa watani.

Kuna kitu kingine kilichosemwa. Nilipowapelekea maji, mgeni alinyoosha mikono juu ya bakuli na, bila kunitazama, akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini isiyokuwa na mzaha hata chembe: "Lakini unipe muda. Kule mtoni wapo wasionisikiliza bado." Kiongozi wetu akaitikia kwa kichwa taratibu, akaomba kijiti cha meno. Nilisikia vizuri sana. Nikamimina maji, nikatoa taulo, na maneno yale nikayaacha humo humo kwenye bakuli la maji machafu.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Yeye alibaki nyumbani kwetu Mpitimbi na mkewe. Alikuwa mchuuzi. Alinunua mjini miche ya sabuni, chumvi, mafuta ya kula na kandambili, akavipakia kwenye pikipiki hadi mtoni, akavuka kwa mtumbwi, akauza katika vijiji vya ng'ambo visivyo na duka. Alikuwa na marafiki huko, na lugha yao aliisema vizuri kuliko Kingoni chetu. Tangu kule kulipochafuka alikuwa ameacha kuvuka. Kulima hakukuwa kwake. Mahindi yake yalikuwa ya kumtia mtu huruma. Sabuni zilikauka chumbani zikapasuka, chumvi ikayeyuka katika viroba na kulowesha sakafu. Kilichomtesa zaidi, nadhani, ni kule kushinda nyumbani, wanaume wa rika lake wakipita na kumsalimia kwa sauti wanayowasalimia nayo wagonjwa.

Jumapili baada ya wageni kuondoka alikuja kwangu Msamala na maharage na boga. Nilikuwa barazani na jirani yangu. Huyu ni Mhehe, muuguzi mstaafu aliyeletwa Songea na kazi na hakurudi tena Iringa. Siku aliyohamia alifunua sufuria yangu kabla ya kunisalimia, na tangu hapo yeye ananiita panya na mimi namwita mla mbwa, na hatuwezi kupitisha siku bila kuonana. Tulikuwa tunakula viazi.

Mdogo wangu akatuamkia, akakaa kwenye kigoda, akakataa chakula. "Dada," akasema, "redio inasema mazungumzo yamekwenda vizuri. Lakini redio kila siku husema hivyo. Wewe ulikuwa nao mle ndani. Sema wewe, nivuke au nisivuke?"

Nikasimama. Hilo nalikumbuka, kwamba sikujibu nikiwa nimekaa. Nikaigiza yote: mgeni anavyonyoosha mkono, na mimi nikanyoosha wangu nikamnyang'anya jirani kiazi. "Ushuru wa mpaka." Jirani alicheka mpaka akapaliwa. Waliokuwa wakipita njiani wakasimama, nikaanza upya kwa ajili yao, na safari hii nikatia chumvi, nikasema walikumbatiana palepale mezani. Hawakukumbatiana.

Mdogo wangu hakucheka sana. Alinisikiliza kama mchuuzi anavyokagua khanga, anatafuta mahali palipochanika.

"Alimnyang'anya firigisi kweli?"

"Kwa macho yangu haya."

"Na mwenyeji akacheka?"

"Akacheka akafuta machozi."

"Hawakusema neno jingine?"

Aliniuliza. Aliniuliza waziwazi, mbele ya jirani, wala hakuzunguka. Nami nikamjibu, "Neno gani tena unalitaka? Mtu akishakula firigisi yako, mna vita gani?"

Natamani niseme nilisahau. Sikusahau. Sentensi ile ilikuwepo mdomoni, lakini ingeharibu hadithi. Ningelazimika kukaa chini na kupunguza sauti, na wale waliosimama njiani wangeondoka zao. Nilipenda kuwa mtu aliyekuwemo mle ndani. Barazani pale nilikuwa mkubwa wa tatu, na mkubwa hapendi kusema hajui.

"Basi nitavuka," akasema. Akainuka, akachukua kiazi kimoja sahanini kwangu, akaondoka anakitafuna.

Wiki ile ile akavuka. Mtumbwi ulipigwa risasi kabla haujagusa ng'ambo. Mwenye mtumbwi alijitupa majini akaogelea kurudi, na ndiye aliyetusimulia. Waliopiga hatuwajui mpaka leo. Huenda ni walinzi ambao habari za wakubwa kuelewana zilikuwa hazijawafikia, huenda ni wale wa porini wasiomsikiliza mtu. Nilipokata simu ya msiba, sentensi ya mgeni ilinirudia nzima nzima, na sauti yake: kule mtoni wapo wasionisikiliza bado. Nilikaa kwenye sakafu ya jiko nikiwa na mwiko mkononi, na ugali ukaungua mpaka jirani akaja kwa harufu.

Alipatikana mbele kidogo, mto unakotelemkia. Katoni zake za sabuni zilikuwa zimekwama kwenye matete.

Tukamzika Mpitimbi. Katekista alikuwa anaongoza sala jirani yangu alipofika na Wahehe wenzake wa mjini, wamekodi gari. Sikushangaa kumwona, ni haki yake. Aliingia chumbani kwa marehemu bila kubisha, akatoka amevaa koti lake na kofia yake, katoni tupu kichwani, akatembea mwendo wake ule wa kuburuza mguu mmoja. Vilio vikakatika. Akalala chali njiani, mahali jeneza litakapopita, akasema haendi popote mpaka apewe ugali, na usiwe ule uliopikwa na Wangoni. Watu wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Mpaka hapo mambo yalikuwa ya kawaida.

Kisha akainuka, akawa watu wawili. Alisimama upande mmoja, mkono kiunoni kama alivyoweka mdogo wangu, akasema kwa sauti yake: "Dada, nivuke au nisivuke?" Akarukia upande wa pili, akavuta kitenge, akainua kidevu. Mpaka siku ile sikujua kwamba naongea huku nimeinua kidevu. Akajibu kwa sauti yangu: "Vuka, mlongo wangu. Firigisi nimeiona kwa macho yangu haya."

Msiba mzima ulicheka. Wifi yangu, mke wa marehemu, alikuwa kwenye mkeka amejifunika khanga, na niliona mabega yake yanatikisika. Kama ni kicheko au kilio sikujua, na sikuuliza. Mimi pia nikacheka. Mtani akikugusa hununi, hata kama amekuchoma. Nilicheka kicheko cha tumboni, nikatoa leso nikafuta macho, na leso ikiwa bado usoni nikakumbuka ni kwa nani nilikiona kicheko kama kile. Nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona maishani mwangu.

Baada ya maziko watu walinitendea kwa upole. Kwao lilikuwa limesemwa hadharani, limechekwa, limekwisha, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kunong'ona habari zangu. Utani una kazi hiyo, na jirani yangu aliifanya vizuri. Alisema kweli yote aliyoijua. Lakini aliigiza yale ya barazani tu. Yaliyosemwa juu ya bakuli hakuyajua, wala hakuna mwingine aliyeyajua, na mimi nikapanda gari kurudi nayo Msamala.

Nikiwa jikoni huwa nafikiri. Babu zetu na babu za Wahehe hawakuanza kwa kunyang'anyana nyama. Walianza kwa kuzikana, kijiji kwa kijiji, mpaka hata wa nyumba ya mwisho akachoka, na utani ukaja nyuma ya hapo. Mimi niliona watu wawili wanataniana mezani nikadhani na mto wenyewe umeshaanza kucheka. Jirani yangu siku hizi ananifunulia sufuria kama zamani. Kuna siku namwachia achukue, kuna siku naona mkono wake unaingia kwenye nyama nikatoka nje nikasimama penye kamba ya nguo mpaka amalize.

Na wale wakubwa, baada ya miezi, walikutana tena, hapa hapa. Nikaitwa. Ningeweza kusema ninaumwa, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilipiga pasi kitenge nikaenda. Kuku wawili, firigisi mbili. Nilipompelekea mgeni maji, alinitazama usoni safari hii, akatabasamu. "Wewe ndiye mama wa firigisi," akasema. "Leo umeniongezea chumvi."

Nilikuwa nimepanga. Njia nzima kutoka Msamala nilikuwa nayarudia: mheshimiwa, nilikuwa na mdogo wangu. Yalifika kwenye meno. Nikacheka, nikasema samahani mheshimiwa, nikamimina maji. Kwa haki ni mtu mchangamfu, hana makuu, na urafiki wao haukuwa wa kuigiza mbele ya kamera. Wakatia saini. Mto ukatulia. Mitumbwi inashuka, wachuuzi waliokuwa wakivuka na mdogo wangu wanakwenda na kurudi, na sokoni kuna samaki wakavu wa kule. Kwa hiyo hata kuwachukia siwezi. Nilichokiona nilikiona kweli. Nilikosea wakati tu, na habari ya wakati mgeni aliisema mwenyewe, mikono yake ikiwa juu ya bakuli langu.

Kiangazi kilichopita wifi alikuja Msamala asubuhi, katoni kichwani. Aliitua barazani, akaniamkia, akakaa kwenye kile kigoda. Nilimletea chai hakuigusa. Sabuni zilizobaki chumbani alikuwa ameziuza vipande vipande kijijini, akanunua nyingine, na sasa alitaka kuifanya kazi ya mumewe. Nilimsifia. Nilizungumza sana, habari za mvua, habari za jumuiya, ili asipate nafasi. Akaningoja nimalize.

"Wifi," akasema, "wewe umewahudumia tena wale watu. Nivuke au nisivuke?"

Nilimtazama nikitafuta kejeli. Haikuwepo. Alikuwa anauliza kweli, kwa sababu ana watoto, na kwa sababu mimi ndiye niliyekuwemo mle ndani. Nilikuwa na kila kitu cha kumwambia: saini, mitumbwi, samaki sokoni. Nilikuwa hata na hadithi mpya, ya mgeni na chumvi, na niliihisi inapanda, kidevu nacho kinataka kuinuka.

"Sijui," nikamwambia.

Alikunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

"Hilo ndilo ulilopaswa kumwambia mdogo wako," akasema.

Kisha akasimama, akajitwika katoni, na kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa juu, akaniomba nimfungulie geti.